Sura ya Saba: Palipokuwa na Springi

Inspekta Kashindye alilala chali juu ya gunia, chini ya Landrova ya marehemu Shimba, akakiangalia chuma kilichovunjika kwa muda mrefu bila kukigusa. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matone kwenye chasisi. Moja lilimdondokea sikioni, hakulifuta.

"Afande, umelala?" Koplo Achola aliuliza kutoka juu. Yalionekana mabuti yake tu, yenye matope.

"Ninasoma."

"Basi soma kwa sauti na sisi tusikie."

"Nipe tochi kwanza."

Achola, mwanamke aliyekuwa dereva wa kitengo chao, aliinama akampa. Kashindye akaendelea kutazama.

Gari lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa kituo Jumapili ile ile ya ajali. Mzee Nathaniel Shimba alikuwa ametoka ibadani kijijini Nyakasela, kando ya ziwa, akawa anateremka mteremko wa kanisa akiwa peke yake. Kwenye kona ya chini gari liliacha barabara, likagonga jiwe, na mzee hakutoka mle akiwa hai. Mkaguzi wa magari alikuta bano moja la mbele, kishikizi cha chuma, limeachana na chasisi, akaandika alichokiona. Bano hilo lilichomelewa na fundi Odera Ooko wa Mabatini, ambaye mwezi uliopita aliing'oa Landrova hiyo springi zake za asili, zile za mabamba, akaiwekea koili, zile za chuma kilichojiviringa. Sasa Odera alikuwa mahabusu. Jumatatu angepandishwa mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na leo ilikuwa Ijumaa.

Kashindye alimulika upande wa kulia. Zamani ekseli ya mbele ilikaa chini ya mabamba marefu ya chuma yaliyolaliana, na mabamba hayo hayo ndiyo yaliyoizuia isisogee. Koili haizuii kitu, inabeba uzito tu. Kwa hiyo fundi anayebadilisha lazima aongeze mikono miwili ya kuishika ekseli isiende mbele wala nyuma, na fimbo moja ya kukingama inayoizuia isihame kushoto au kulia. Fimbo hiyo ilishikwa kwenye chasisi na bano lililovunjika. Bila bano, ekseli inahama yenyewe, na usukani unabaki kama mpini usio na jembe.

"Mkaguzi alipaka grisi mahali palipovunjika?" aliuliza.

"Siku ile ile. Akafunga na nailoni. Alisema mvua isije ikamharibia ushahidi."

"Mtu makini."

Alifungua nailoni, akaifuta grisi polepole kwa kitambaa. Chini yake chuma kilionekana kina rangi mbili. Nusu moja ilikuwa nyeupe, imepasuka juzijuzi. Nusu nyingine ilikuwa na kutu changa ya rangi ya chungwa. Na mstari wa kuchomelea wenyewe ulikuwa bado umeshika kwenye chasisi, mnene na ulionyooka. Kilichochanika ni bamba la bano, pembeni ya mstari ule.

"Achola. Kutu inaota kwa muda gani?"

"Mvua hizi? Siku mbili tatu unaiona."

"Basi bano hili lilianza kupasuka siku chache kabla ya Jumapili. Jumapili lilimalizia tu."

Kisha akamulika fimbo yenyewe. Ilikuwa imepinda kidogo, na haikupindia upande lilikokuwa jiwe. Ilipindia mbele. Karibu na bano, rangi nyeusi ilikuwa imetoka kwenye ukanda mwembamba uliozunguka chuma, na chuma kiking'aa.

Achola alikuwa amepiga magoti, anachungulia. "Hapo mtu amepitisha tupa," alisema. "Afande, hii si uzembe. Hii ni kazi ya mtu."

"Inawezekana."

"Inawezekana tu?"

"Fungua fimbo hiyo, tuiweke kwenye gunia. Tutakwenda nayo."

Alipotoka chini ya gari alikuwa na kitu kidogo kati ya vidole viwili, amekitoa kwenye ukingo wa bano. Uzi wa kijani, umelainika kama uliopitiwa na moto. Aliutia ndani ya bahasha, akaandika tarehe.

*

Kama ni kazi ya mtu, mtu wa kwanza alikuwa Paulo, mfanyabiashara wa watalii aliyekuwa akimfuata mzee Shimba mwaka mzima ili mzee amuuzie ile Landrova. Rebeka, binti wa marehemu, alikuwa amelitaja jina hilo kwa ukali siku ya mazishi. Kashindye alimpigia simu akiwa ameegemea ukuta wa kituo.

"Niko Musoma tangu wiki mbili, afande," Paulo alisema. "Waulize wa hotelini. Na mimi nilikuwa nalitaka gari likiwa zima. Tena likiwa na springi zake za zamani. Niliposikia limewekwa koili nikaacha kumsumbua mzee. Wazungu wangu wanataka liwarushe kama lilivyorusha watu zamani."

"Nani alikwambia limewekwa koili?"

"Mzee mwenyewe. Alinipigia. Nadhani alitaka mtu wa kumlalamikia."

Wa hotelini waliulizwa, wakathibitisha. Kashindye akalifuta jina la Paulo kichwani, akaingia mahabusu.

Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa Rose, mke wa Odera, na mfuko mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vya mumewe, ambavyo askari wa zamu walimrudishia siku ya kwanza. Alikuwa anakuja navyo kila asubuhi na kuondoka navyo kila jioni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nitakula tukitoka."

Odera aliletwa miguu mitupu. Alikuwa mtu mrefu, wa asili ya Rorya, mwenye mikono yenye makovu madogo ya cheche. Kashindye alikifungua kinywa cha gunia, akaweka fimbo mezani.

"Hii uliinunua imepinda?"

"Fimbo iliyopinda siweki hata kwenye toroli."

"Ulitoa wapi?"

"Ekseli, koili na fimbo vyote vilitoka kwenye Diskavari moja iliyochoka injini. Nilivisafisha. Fimbo niliipaka rangi mwenyewe mara mbili."

"Na ukanda huu unaong'aa?"

Odera aliuinamia. Akataka kuugusa, akajizuia, akamtazama inspekta kwanza.

"Gusa."

Alipitisha kidole gumba. "Si tupa. Tupa inaacha mistari. Hiki kimesuguliwa na kitu laini." Akainua macho. "Sijui nini."

"Mzee alipolipokea gari aliridhika?"

"Hakuridhika." Kwa mara ya kwanza Odera alikaribia kutabasamu. "Nilimzungusha mpaka Igoma na kurudi. Tulipofika akakaa ndani, hashuki. Akaniambia, 'Odera, umenipa gari la mtu mwingine. Langu lilikuwa linasema.' Zile springi za zamani zilikuwa zinalia kila shimo, afande. Alikuwa anaijua barabara kwa masikio."

"Sasa kwa nini alikubali zing'olewe?"

"Binti yake ndiye aliyeleta gari. Mgongo wa mzee ulikuwa mbaya, akitoka kijijini mpaka mjini analala kutwa nzima. Binti alitaka baba yake akae kwenye gari kama mtu."

"Ulimpa maagizo gani?"

"Asijaze mzigo kwenye keria, litalala kwenye kona. Arudi tukaze boliti. Basi."

"Yeye hakuuliza kitu?"

Odera alifikiri. "Aliuliza kama bado lina nguvu ya kuvuta. Nikamwambia linavuta kuliko zamani."

"Kuvuta nini?"

"Hakusema."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Odera aliitazama miguu yake. "Springi zake ziko nyuma ya gereji. Alinikataza kuwapa wahunzi. Alisema atazifuata."

*

Gereji ya Odera ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa mafuta, kati ya duka la vioo na mama anayeuza maandazi. Rose alifungua geti, akatangulia nyuma ya banda.

"Wahunzi wamezizunguka hizi tangu mume wangu akamatwe," alisema. "Mmoja kaniambia zitatoa visu vizuri. Nikamwambia aanze na ulimi wake."

Achola alicheka. Kashindye alikuwa ameshachuchumaa.

Springi nne zilikuwa zimeegemezwa ukutani, kila moja na mabamba yake yaliyofungwa pamoja, yamepinda kama migongo ya watu wanaopalilia. Harufu ya chuma cha zamani, grisi iliyokauka na vumbi la barabara ilimjia kabla hajaweka mkono. Baba yake alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha pamba. Msimu wa ununuzi alimpakia Kashindye nyuma, juu ya marobota, wakaenda Magu, wakaenda Ngudu, na chini yao springi zikilia kriki, kriki, mpaka mtoto anasinzia kwa mlio ule ule uliomwamsha. Ikivunjika bamba porini, baba yake alikata kipande cha mti, akakifunga kwa kamba ya katani, wakafika. Miaka ile vipuri vilikuwa hadithi. Baba yake aliwahi kusema kwamba gari lisilolia halikwambii linapougua.

Alikohoa, akawasha tochi ingawa jua lilikuwa kali.

"Rose, zipi ni za mbele?"

"Hizo fupi. Kaandika kwa chaki. K ni kulia, na hiyo isiyo na alama ni kushoto."

Ya kushoto ilikuwa na kutu na tope lililoganda, kama chuma chochote kilichotoka chini ya gari. Ya kulia ilikuwa na kutu na tope vile vile, isipokuwa sehemu moja. Nyuma kidogo ya ile pete ya mwanzo inayopokea pini, mabamba yalikuwa yameliwa. Ukingo wote ulikuwa umelainika, umeng'aa, umeingia ndani kiasi cha upana wa kidole gumba, kama mpini wa jembe unavyoliwa na mkono wa mwenye shamba.

Kashindye aliitoa guniani ile fimbo. Aliilaza kando ya springi. Ukanda unaong'aa wa fimbo na mfereji wa springi vilikuwa na upana mmoja.

"Mm," alisema Achola.

"Sema."

"Huu wa springi ni wa miaka. Huu wa fimbo ni wa siku moja."

"Na upande mmoja wa gari."

"Kitu kile kile, kilichofungwa na mtu yule yule?"

"Kitu kile kile," Kashindye alisema. "Mtu bado sijui." Aliitoa ile bahasha, akautazama tena uzi wa kijani kwenye mwanga. Rose alisogea.

"Hiyo si kamba ya wavuvi?" aliuliza. "Kwetu Rorya mwalo mzima, kule inakopaki mitumbwi, ni kamba hiyo."

*

Rebeka aliuza vitenge sokoni Mkuyuni. Walimkuta akivikunja, na aliendelea kuvikunja walipofika. Hakumwamkia Kashindye, na yeye hakuidai salamu.

"Mmeshampeleka mahakamani?"

"Jumatatu, kama nitakuwa sijapata jambo jingine."

"Jambo gani jingine? Baba yangu kaendesha gari lile miaka arobaini, hajawahi kukwaruza hata kuku. Nimelipeleka kwa Odera mwezi mmoja, nimemzika baba." Alikikunja kitenge upya, ingawa kilikuwa kimekunjwa. "Ni mimi niliyelipeleka. Kwa hiyo nisaidieni kidogo, msiniletee jambo jingine."

Kashindye alivuta kigoda, akaketi. "Wakati mnakua, lile gari lilikuwa linafanya kazi gani?"

Swali hilo Rebeka hakulitegemea. Mikono yake ilisimama.

"Kazi gani halikufanya? Lilibeba pamba. Lilibeba wagonjwa. Lilimbeba mama akiwa bibi harusi, na mto wa kukalia akawekewa, kwa sababu ya zile springi. Sisi watoto tulikaa nyuma na baba mdogo Ngosha. Kila shimo alinyoosha mkono mbele yetu, hivi, kama mlingoti. 'Jishike, mwanangu.' Tulikuwa tunatamani mashimo yasiishe."

"Ngosha ni mdogo wake marehemu?"

"Si wa damu. Walinunua mtumbwi pamoja kabla mimi sijazaliwa. Baba akaacha uvuvi, yeye hakuacha."

"Na mtumbwi ukitaka kupandishwa nchi kavu?"

"Baba analeta gari, linauvuta. Miaka hii maji yanapanda ovyo, wanavuta kila mara." Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kwa nini?"

"Ningependa nikaone wanavyovuta. Ukiweza, twende wote."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Nikikosea, uwepo unisahihishe."

Alifunika vitenge kwa turubai, akamwomba jirani aangalie meza.

*

Landkruza la kituo lilikuwa la zamani, la siku ambazo hata magari hayo yalikuja na mabamba mbele na nyuma, na barabara ya Nyakasela haikulihurumia. Rebeka aliketi nyuma, ameshika bomba la kiti.

"Pole, dada," Achola alisema kwa kioo. "Gari la serikali halijui koili. Linajua vumilia tu."

"Nimelizoea," Rebeka alisema. Baadaye kidogo akaongeza, kama anayejisemea, "Linalia kama lile."

Walimkuta mzee Ngosha mwaloni, anaziba mtumbwi kwa pamba na lami. Alikuwa mfupi, mweusi sana, na jicho lake moja lilikuwa na ukungu. Kashindye alimpa shikamoo, wakasalimiana kwa Kisukuma, wakaulizana mvua na ng'ombe. Rebeka alipiga goti. Mzee alimshika kichwa.

Inspekta hakumtajia bano wala fimbo. Kitabu cha kazi yake kilisema usimpe shahidi jibu kabla ya swali, na kwa muda wote aliokuwa kazini hakuwahi kuona sababu ya kukiuka hilo.

"Baba, mara ya mwisho mlivuta mtumbwi lini na marehemu?"

"Alhamisi. Ile kabla ya Jumapili yake. Maji yalikuja mpaka pale kwenye majani, usiku mtumbwi ungeondoka. Nikampigia, akaja."

"Nionyeshe mnavyofanya. Tuna gari hapa. Fanya kila kitu kama siku zote."

"Hili la polisi?" Ngosha alilikagua Landkruza kwa jicho zima. "Litaweza? Lisije likatufunga sote."

"Likishindwa tutalifunga lenyewe," alisema Achola.

Mzee alicheka kidogo, akaenda kuchukua kamba. Ilikuwa ya nailoni, ya kijani, unene wa kidole gumba, imechakaa ncha. Ncha moja aliifunga kwenye pua ya mtumbwi. Akamwelekeza Achola aliweke gari uso kwa uso na ziwa, kisha akaja nayo ncha ya pili mpaka mbele ya gari.

Kulikuwa na ndoano kwenye bampa, nzima, imepakwa rangi nyekundu. Ngosha aliipita.

Alilala kwa ubavu kwenye mchanga uliolowa, upande wa kulia wa gari, akageuza uso ili maji ya wimbi yasimwingie machoni, akapitisha mkono chini. Hakuwa anauangalia mkono. Alikuwa anaangalia ziwa. Vidole vilitembea vyenyewe juu ya chuma, vikaipata springi nyuma ya pete yake, vikazungusha kamba mara mbili, vikafunga. Akainuka, akajifuta mchanga, akapiga bampa kwa kiganja.

"Rivasi. Pole pole, mama. Na mguu usitetemeke."

Achola alirudi nyuma. Kamba ilikaza, springi ikalia, mtumbwi ukapanda mchanga kwa utulivu mpaka kwenye majani. Ngosha aliinua mkono. Gari likasimama.

"Ndivyo," alisema. "Tangu ndoano ya lile letu ilipong'oka, miaka ile ya vita vya Kagera. Shimba akasema funga kwenye springi, hapo hapang'oki hata uvute tembo. Yeye anakaa kwenye usukani ananiangalia mimi, mimi naangalia maji. Hajawahi kushuka kukagua fundo langu. Na mimi sijawahi kuinua kichwa kukagua anavyoendesha."

"Na Alhamisi ulifunga wapi?"

"Hapo hapo."

"Pale pale kwenye springi?"

"Nimekwambia, hapo…"

Upepo ulikuwa ukitoka ziwani. Rebeka, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa gari, alishusha mkono kutoka mdomoni.

"Springi ziliondolewa," mzee alisema polepole. "Shimba alinieleza. Aliniambia gari limekuwa kama kitanda cha wageni, huwezi kulala ukajisahau. Nikacheka." Alitazama kiganja chake. "Alhamisi maji yalikuwa mpaka hapa, na giza lilikuwa linaingia. Nikapapasa. Niliona pamekaa vingine, nikasema labda ni matope. Nikakuta chuma mbele kidogo ya pale. Chuma cha mviringo. Nikafunga."

Kashindye alienda nyuma ya gari, akarudi na gunia. Aliitoa fimbo, akaishika kwa mikono miwili kama ilivyokaa, imekingama. Ngosha aliichukua ncha ya kamba iliyobaki, akaizungusha mara moja juu ya ukanda unaong'aa. Ilikaa ndani yake, haikuzidi, haikupungua.

"Hii kazi yake nini?"

"Inaizuia ekseli isiende pembeni. Kwa pembeni ina nguvu sana. Haikutengenezwa kuvutwa mbele."

"Na mtumbwi uliivuta mbele."

"Ndiyo. Bano likapasuka nusu siku hiyo. Nusu nyingine lilipasuka kwenye kona ya kanisa."

"Basi ni mimi."

"Mimi sijasema hivyo, baba," Kashindye alisema. "Ulifunga alipokuonyesha mwenyewe kufunga. Fundi hakuambiwa kuna kamba, na hakuuliza. Marehemu alijua springi hazipo, alikuwa kwenye usukani, na hakukumbuka. Nitaandika hivyo, kila mtu na sehemu yake. Nitakachoandika kwanza ni kwamba mstari wa Odera haukuachia. Nitampelekea mwendesha mashtaka leo hii, na uchunguzi wa mkaguzi nitauambatanisha. Sioni kesi hapa."

Ngosha hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amegeukia alikosimama Rebeka.

"Mwanangu."

Rebeka alikuja mpaka mbele ya Landkruza, akainama, akaitazama kamba ilivyozunguka springi.

"Alhamisi alikuwaje?" aliuliza.

"Shimba?"

"Alikuwa anasema nini?"

"Alifurahi. Mtumbwi ulipopanda alipiga honi mara mbili, wewe unaijua ile honi. Akasema, 'Kumbe bado langu.' Akasema mgongo haujamuuma njia nzima. Akasema nikuambie, kisha akasema aa, nitamwambia mwenyewe Jumapili."

Rebeka alibaki ameinama. Achola alijifanya anaangalia tairi.

"Hakuniambia," alisema alipoinuka.

Kashindye alisogea kando, akapiga simu kituoni. Aliongea na mkuu wake kwa ufupi, akaeleza kutu, mstari uliobaki, kamba na springi iliyoliwa. Mkuu aliuliza maswali mawili, akasema anaongea na mwendesha mashtaka sasa hivi, na kwamba dhamana ya polisi haina haja ya kungoja Jumatatu.

"Na afande," Kashindye aliongeza, "kuna mama kwenye benchi la nje. Waambie wamruhusu apeleke viatu ndani."

Ngosha alikuwa amelala tena ubavuni, anafungua kamba. Fundo lilitoka kwa kuvutwa mara moja. Aliikunja kwa kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, akaiweka ndani ya mtumbwi.

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi, baba. Mjini."

"Twende."

"Na mimi nakwenda kituoni," alisema Rebeka. "Huyo Odera nimemwita muuaji mbele ya mke wake. Sitaki asikie kwa askari."

Hakuna aliyekaa mbele na Achola isipokuwa inspekta. Nyuma, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, kulikuwa na nafasi ya watu kumi. Ngosha aliingia kwanza, akakaa kwenye kona karibu na mlango. Rebeka alisimama kidogo, ameshika bomba, akatazama benchi la pili lililokuwa tupu. Kisha akakaa kando yake. Kati yao ulibaki upana wa mtu mmoja.

Landkruza lilipanda taratibu kutoka mwaloni, likapita kona ya kanisa, penye jiwe ambalo lilikuwa bado na rangi ya kijivu ya Landrova ubavuni, na hakuna aliyegeuza kichwa. Chini yao mabamba yalikuwa yakilia, kriki, kriki. Kashindye alifumba macho kidogo, akasikia marobota ya pamba.

Mbele ya shule barabara ilikuwa imechimbwa na mvua. Achola alikanyaga breki akiwa amechelewa. Gari liliruka, likatua, mabamba yakapiga kelele.

Kwenye kioo, inspekta aliona mkono wa Ngosha umenyooka mbele ya Rebeka kama mlingoti. Mzee mwenyewe alionekana kuuona mkono ule baada ya kuuweka. Akataka kuurudisha.

Rebeka aliushika, akaubakiza pale mpaka barabara ya lami.